Superman yupi ndiye wa asili?

Swali: Mpwa wangu ana umri wa miaka 12 na anapenda mno majarida ya katuni ya Superman na Batman, ilhali mimi niliwazoea mashujaa hao katika vibonzo vya televisheni na katika filamu. Tunabishana kila tunapokutana. Yeye amesoma hadithi ya kwanza ya Superman, ya mwaka 1938, na anasema shujaa huyo hakuwa na uwezo wa kupaa. Mimi sijawahi kumwona Superman asiyepaa. Filamu moja inaonyesha kwamba herufi S iliyo kifuani mwake ni nembo ya ukoo wake, na majarida ya zamani hayasemi hivyo. Je, habari ipi ni ya asili na ipi ni nyongeza? Zinapogongana, tushike ipi? Na kwa nini kampuni inayomiliki hadithi hizi haizisawazishi?

Jibu: Ndugu msomaji, mpwa wako amesoma sawasawa, nawe umetazama sawasawa. Kinachowagombanisha ni dhana mnayoishiriki bila kuitaja, kwamba kilichochapwa kwanza ndicho hadithi kamili na yaliyofuata ni mapambo yaliyobandikwa juu yake. Mashujaa hawa hawakukua hivyo. Sehemu kubwa ya yale ambayo msomaji wa leo huyahesabu kuwa mizizi ya hadithi ilizaliwa katika studio za redio, juu ya meza za wachoraji wa vibonzo na mbele ya kamera za filamu, kisha ikaingizwa katika majarida na kukaa humo kana kwamba ilikuwapo tangu mwanzo.

Tuanze na hiyo 1938. Superman alitungwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, nchini Marekani: Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster alichora. Wote walizaliwa mwaka 1914 katika familia za wahamiaji wa Kiyahudi, na walizunguka na shujaa wao kwa miaka kadhaa wakikataliwa na wachapishaji, kabla ya kumuuza kwa dola 130, yaani dola 10 kwa kila ukurasa wa hadithi ya kurasa 13, pamoja na haki zote za baadaye. Jarida lenyewe, Action Comics namba 1, lilibeba tarehe ya Juni 1938 na kuuzwa kwa senti 10. Humo Superman anachupa umbali wa moja ya nane ya maili, kama mita 200 hivi, anavuka jengo la ghorofa 20 kwa mruko mmoja, anashinda treni ya mwendo kasi kwa kukimbia, na ngozi yake haipenyeki ila kwa kombora linalopasuka. Siegel anajitahidi hata kuifafanua nguvu hiyo kwa mfano wa sisimizi, anayebeba mzigo unaozidi mno uzito wake, na wa panzi, ambaye mruko wake ukilinganishwa na umbo lake unamshinda mwanadamu kwa mbali. Panzi anayetajwa hapo ni yule anayechupa. Habari ya kupaa haimo.

Lakini angalia pia mengine ambayo hayamo. Sayari alikotoka haina jina. Mtoto anaokotwa na mpita njia mwenye gari na kupelekwa katika nyumba ya kulelea yatima. Jina la Krypton na wazazi wake wa huko vilipata nafasi mwaka 1939, katuni zake zilipoanza kuchapwa magazetini, na wazee waliomlea wakaingia mwaka huohuo katika toleo la kwanza la jarida lililobeba jina lake. Lex Luthor, adui wake mkuu, hayupo. Alitokea mwaka 1940, akiwa na nywele nyekundu kichwani. Jiwe la kijani linalomdhoofisha shujaa halipo. Yupo Lois Lane, mwandishi wa habari mwenzake, tangu siku ya kwanza, na ipo kazi ya mtaani kabisa: Superman anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila hatia, anamwadabisha mume anayempiga mkewe, anamwandama mtu anayemrubuni seneta kule Washington. Ninaipenda hadithi hiyo kwa hasira yake. Ni hasira ya vijana waliokulia katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi na kuona jinsi mnyonge anavyokosa wa kumtetea. Hata hivyo, atakayeifanya kipimo cha mwisho itambidi amtupe karibu Superman wote anayemjua, si kupaa kwake peke yake.

Mnamo Februari 1940 Superman aliingia redioni, na redio ina shida yake ambayo jarida halina: msikilizaji haoni chochote. Shujaa aliye peke yake juu ya paa haeleweki anafanya nini mpaka aseme na mtu, na mchezo unaorushwa mara kadhaa kwa wiki unahitaji watu wa kudumu wa kusemezana naye. Ndipo mhariri wa gazeti alipopata jina la Perry White, na kijana wa ofisini, ambaye katika jarida alikuwa amepita bila jina, akawa Jimmy Olsen, rafiki wa kudumu. Mwigizaji Bud Collyer aliwatenganisha Superman na Clark Kent, yule mwandishi wa habari ambaye shujaa hujificha katika sura yake, kwa koo lake tu: aliianza sentensi kwa sauti nyembamba ya mwandishi wa habari na kuimaliza kwa sauti nzito ya shujaa, msikilizaji akajua kwamba nguo zimekwisha kubadilishwa. Kila mwigizaji aliyemfuata, katika vibonzo na katika filamu, amelazimika kuamua atafanyaje na sauti hizo mbili, na uamuzi huo hautokani na jarida lolote, kwa maana jarida halina sauti.

Lile jiwe la kijani, kryptonite, nalo lilisikika redioni kwanza, mwaka 1943, na majarida yakalichukua mwaka 1949. Siegel alikuwa ameandika mapema, mwaka 1940, hadithi ya madini yanayomwondolea Superman nguvu, lakini wahariri hawakuichapa. Kwa hiyo, mpwa wako akikuambia kwamba kryptonite ni ya asili, na wewe ukasema ni nyongeza ya redio, mtakuwa mmesema kweli wote: mtunzi wa kwanza aliwaza jambo hilo, chombo kingine kikalitimiza, na jarida lilifika mwisho.

Redio hiyohiyo ilifanya tendo ambalo mimi ninaliweka juu ya mengi yaliyochapwa wakati ule. Mwaka 1946 ilirusha mfululizo kuhusu kundi la watu waliojificha nyuma ya vitambaa na msalaba wa moto, ambao kila Mmarekani aliwatambua kuwa ni Ku Klux Klan, wakiiandama familia ya Kichina iliyohamia jijini Metropolis. Kuwaambia mamilioni ya watoto, katika Marekani ya ubaguzi wa rangi, kwamba watu hao ndio waovu na Superman yuko upande wa familia hiyo, ulikuwa ujasiri. Mwaka 2019 mwandishi Gene Luen Yang, akishirikiana na wachoraji wa Kijapani wanaojiita Gurihiru, alikifanya kisa hicho kuwa kitabu cha katuni kiitwacho Superman Smashes the Klan, na humo Superman anaanza kama yule wa 1938, anayekimbia na kuchupa, kwa sababu ameficha hata nafsini mwake yale yanayomfanya aonekane mgeni; kupaa kunakuja pale anapokubali asili yake. Tofauti ya matoleo, ambayo ninyi mnabishania, mwandishi huyo ameifanya kuwa kiini cha safari ya mhusika.

Sasa tuje kwenye kupaa kwenyewe. Kampuni ya Paramount ilipowataka ndugu Max na Dave Fleischer watengeneze vibonzo vya Superman kwa ajili ya majumba ya sinema, inasimuliwa kwamba Dave hakuitaka kazi hiyo, akataja gharama ya dola 100,000 kwa filamu moja ya takriban dakika kumi akitumaini kwamba watakata tamaa. Hawakukata tamaa, bali walipunguza bei, na kiasi kinachotajwa kwa filamu ya kwanza ni dola 50,000, fedha nyingi mno kwa kibonzo kifupi cha zama hizo. Kilitoka Septemba 1941 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Hadi mwaka 1943 vilikuwa vimetengenezwa 17: tisa na studio ya akina Fleischer, vinane na studio iliyorithi kazi yao baada ya Paramount kuwaondoa ndugu hao.

Tofauti ya vyombo inaonekana hapa wazi kuliko mahali pengine popote. Katika jarida, mruko ni picha moja: Superman yuko hewani, mji uko chini yake, na akili ya msomaji inajaza kilichotangulia na kitakachofuata. Mchoraji hana haja ya kuonyesha magoti yakikunjwa, miguu ikigusa ardhi, mwili ukijiweka sawa na kuondoka tena. Kibonzo hakina ruhusa hiyo. Lazima kionyeshe kila kilichomo katikati, na mtu anayechupa, akatua, akachupa tena, huonekana anadundadunda, haiba yote ikampotea. Inasimuliwa kwamba ndiyo sababu studio ilitaka apae. Ukivitazama vibonzo vile kwa mfuatano utaona mabadiliko hayo kwa macho yako: katika vile vya mwanzo bado anaondoka ardhini kama mtu anayechupa, na maneno ya ufunguzi yanataja kuvuka majengo marefu kwa mruko mmoja, lakini muda si mrefu anapinda njia akiwa hewani, anasimama hewani, na hakuna tena mruko unaoweza kueleza hayo. Redio nayo ilikuwa imekwisha kumrusha kwa mlio wa upepo. Majarida yaliyafuata yote mawili katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1940. Kupaa, basi, ni suluhisho la mafundi, na ni suluhisho zuri kiasi kwamba leo hatuwezi kumfikiri shujaa huyo bila hilo.

Filamu za waigizaji halisi zilihangaika na urithi huo kwa muda mrefu. Katika filamu ya mfululizo ya mwaka 1948, Kirk Alyn alipotakiwa kupaa, mwili wake uliondolewa na mchoro wa kibonzo ukawekwa mahali pake, na mtazamaji akatarajiwa kuvumilia. Ilipofika mwaka 1978, filamu iliyoongozwa na Richard Donner, na Christopher Reeve akiwa Superman, ilitegemea mtambo wa Zoran Perisic uliofungamanisha lenzi ya kukuza ya kamera na ile ya projekta, ili mwigizaji aonekane akisogea au kwenda mbali huku mandhari iliyo nyuma yake ikibaki vilevile. Filamu hiyohiyo ndiyo iliyoleta ile nembo unayoiuliza. Marlon Brando, aliyeigiza baba wa Superman, alivaa herufi hiyo kifuani, na wakuu wengine wa Krypton wakapewa alama zao, hivyo herufi iliyokuwa kwa miaka 40 mwanzo wa jina tu ikawa nembo ya ukoo. Majarida yalilipokea wazo hilo baadaye, na miaka ya 2000 yakaongeza kwamba alama hiyo inamaanisha tumaini. Mpwa wako hataiona katika majarida ya zamani kwa sababu haikuwapo.

Kwa Batman nitataja mambo machache, kwa kuwa mwendo ni uleule. Mtumishi wake, Alfred, aliingia katika majarida mwaka 1943 akiwa mtu mnene asiye na masharubu. Mwaka huohuo ilitengenezwa filamu ya mfululizo ambamo Alfred aliigizwa na William Austin, mtu mwembamba mwenye masharubu membamba. Muda mfupi baadaye majarida yakampunguza Alfred unene na kumwotesha masharubu ili afanane na yule wa filamu. Filamu hiyo ndiyo pia iliyompa Batman pango la kufanyia kazi. Fikiri ni mangapi yamejengwa tangu hapo juu ya mtu yule mwembamba na pango lile, na hakuna hata kimoja kilichotoka kwa Bob Kane na Bill Finger walipomtoa Batman katika Detective Comics namba 27, Mei 1939.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka katika vibonzo vya televisheni vya Batman vilivyoanza kurushwa Septemba 1992, kazi ya Bruce Timm na Eric Radomski. Mandhari zake zilichorwa juu ya karatasi nyeusi, rangi ikiongezwa kwenye giza badala ya giza kuongezwa kwenye rangi, na watengenezaji wenyewe walikiri deni lao kwa vibonzo vya akina Fleischer. Mwandishi Paul Dini alihitaji kumpa Joker, adui mkubwa wa Batman, msaidizi kwa kipindi kimoja, akamtunga Harley Quinn na kumpa sauti ya Arleen Sorkin. Alikuwa apite na kwenda zake. Watazamaji hawakumwacha, mwaka 1993 akaingia katika jarida lililoambatana na vibonzo hivyo, na mwaka 1999 akapewa nafasi rasmi katika ulimwengu mkuu wa majarida. Mhusika asiye na mizizi yoyote katika karatasi sasa ana majarida yake na filamu zake.

Mr. Freeze, adui mwingine wa Batman, ana safari ndefu zaidi. Jarida la 1959 lilimleta kwa jina la Mr. Zero, mwizi mwenye bunduki ya barafu na hakuna zaidi. Tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1960 ikambadilisha jina. Kisha mwaka 1992 Dini na Timm, katika kipindi kiitwacho Heart of Ice, wakampa mke mgonjwa aliyehifadhiwa katika ubaridi na sababu ya huzuni yake yote, na kipindi hicho kikashinda tuzo ya Emmy. Tangu hapo majarida na filamu vimelifuata simulizi hilo. Hapa nasema bila kusita kwamba nyongeza imelishinda la asili. Ya 1959 ina haki ya kutangulia, haina haki nyingine.

Swali lako la mwisho, la kwa nini mwenye mali hazisawazishi hadithi, lina majibu mawili. La kwanza ni kwamba amejaribu. Mwaka 1961 mtunzi Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino walimkutanisha shujaa Flash wa wakati huo na Flash wa miaka ya 1940 kwa kueleza kwamba kila mmoja anaishi katika Dunia yake, na baada ya hapo Superman wa zamani naye akapewa Dunia ya pili. Ufumbuzi huo ulikuwa mzuri mpaka Dunia zilipokuwa nyingi kiasi cha kumchosha msomaji mgeni. Ndipo mwaka 1985 Marv Wolfman na George Pérez walipoandika na kuchora kisa cha matoleo 12 cha kuziunganisha Dunia zote kuwa moja, na mwaka 1986 John Byrne akapewa kazi ya kuusimulia upya mwanzo wa Superman: wazazi waliomlea wakawa hai hadi utu uzima wake, na Luthor, ambaye alikuwa mwanasayansi mwovu, akawa mfanyabiashara tajiri anayeheshimiwa na mji mzima. Baadaye Dunia nyingi zilirudi. Kila usawazishaji huzaa toleo jingine la kusawazishwa, na sioni namna ya kukwepa hilo maadamu hadithi haina mwisho na watunzi wanabadilishana zamu.

Jibu la pili ni la umiliki, na ningependa ulitilie maanani zaidi. Msomaji wa Kiswahili anaweza kusema kwamba hadithi kuwa na sura nyingi si jambo geni kwetu: habari za Fumo Liyongo zilisimuliwa na kuimbwa pwani kwa namna nyingi kabla Muhammad Kijumwa hajazitia katika utenzi mwaka 1913, na hatumwambii msimulizi mmoja kwamba amekosa kwa kuwa lake lina tukio ambalo la mwenzake halina. Ulinganisho huo unafaa mpaka mahali fulani, kisha unakatika. Liyongo hana mwenyewe. Superman anaye, na mwenyewe huyo si aliyemtunga. Kampuni haihitaji hadithi moja iliyokamilika. Inahitaji mhusika anayeweza kuuzwa mwaka huu kwa mtoto wa miaka 8 na kwa mtu wa miaka 50, kila mmoja kwa sura anayoitaka. Siegel na Shuster walipigania haki yao mahakamani bila mafanikio, wakazeeka katika dhiki, na ni mwaka 1975 tu, filamu kubwa ikiandaliwa na mchoraji Neal Adams na wenzake wakipaza sauti kwa niaba yao, walipopewa malipo ya kila mwaka ya dola 20,000 na majina yao yakarudishwa juu ya kazi yao. Jina la Bill Finger halikuwekwa rasmi kando ya la Bob Kane mpaka mwaka 2015, miaka zaidi ya 40 baada ya kifo chake. Mnapobishana juu ya asili, hao ndio watu ambao asili hiyo ni yao, na ninaona uchungu kila nikimsikia mpenzi wa hadithi hizi anayejua rangi ya kila vazi la Superman lakini hajui aliyemchora.

Umiliki huo haumaanishi kwamba kila badiliko ni la biashara. Wakati mwingine ni mtu mmoja tu aliyeleta alichokuwa nacho. Black Panther, yaani T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuniwa ya Wakanda, alitungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, na Wakanda yao haikuwa na lugha ambayo msomaji angeweza kuisikia. Filamu ilipomleta mwaka 2016, John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyeigiza baba yake T'Challa, alipendekeza kutumia lugha yake mwenyewe ya Kixhosa, na filamu ya 2018 ikaishika. Ramani za masimulizi hayo huiweka Wakanda upande wa mashariki wa bara, mbali sana na Waxhosa, na msomaji makini ana haki ya kuuliza juu ya hilo. Mimi ninaona faida ilizidi hasara: nchi ya kubuniwa ya Kiafrika, iliyozungumza Kiingereza kitupu kwa nusu karne, ilipata ulimi wa watu walio hai.

Kuhusu kushika ipi, ninachokushauri ni kwamba kila simulizi lihukumiwe kwa masharti liliyojiwekea lenyewe. Ikiwa jarida la 1938 linasema Superman anachupa, basi ndani ya jarida hilo akipaa ni kasoro. Ikiwa filamu inasema herufi ile ni nembo, filamu hiyo inawajibika kuiheshimu mpaka mwisho wake. Kulaumu filamu kwa sababu haikufuata jarida ni kuidai deni ambalo haikukopa. Lakini swali la nani alitangulia lina jibu, na linajibiwa kwa mwaka na kwa chombo. Mpwa wako akitaka kuandika orodha, aweke safu ya jambo, safu ya mwaka, na safu ya mahali lilipoonekana kwanza; ataona redio na vibonzo vikijitokeza mara nyingi kuliko alivyotarajia.

Sheria ya Marekani yenyewe hulitazama jambo hili kwa namna hiyo. Kazi za wakati ule zinalindwa kwa miaka 95 tangu kuchapwa, kwa hiyo Action Comics namba 1 itakuwa mali ya umma huko kuanzia Januari 1, 2034, na kitakachokuwa huru siku hiyo ni Superman wa kurasa zile 13: anayechupa, aliyetoka katika sayari isiyo na jina, asiyeijua kryptonite. Kila kilichoongezwa baadaye kitasubiri mwaka wake.

Kwa sasa, vibonzo 17 vya miaka ya 1940 vilikwisha kupoteza ulinzi wa hakimiliki kwa kuwa haukuhuishwa, na vinapatikana bila taabu. Vitazameni kwa mfuatano, mkianza na cha kwanza cha 1941, na mwekeni mpwa wako kazi ya kutambua ni katika kipi mruko umeacha kuwa mruko. Msiruke cha pili, The Mechanical Monsters, chenye maroboti yanayoruka kama ndege na kuiba. Hayao Miyazaki wa Japani aliyachora maroboti yake mwenyewe kwa kuyakumbuka hayo katika filamu yake ya 1986, Castle in the Sky. Baada ya hapo nendeni kwenye Heart of Ice. Kabla ya kukitazama, mtafutie hadithi ya 1959 katika mikusanyo ya majarida ya Batman, aisome kwanza, ili ajue waandishi wale walikuwa wamekabidhiwa kitu kidogo kiasi gani.